Maisha ya Adrian Atiman, Tabibu na Katekista wa Karema



Kila siku watu wengi wa Sumbawanga na wa vijiji vya Ufipa hupita mbele ya Hospitali ya Dk. Atiman. Wako watokao hapa karibu, Kizwite, nao hufika kwa miguu. Wako na watokao mbali, Bonde la Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, nao hulala njiani wakimleta mgonjwa wao. Wote hulitaja jina hilo, maana ndilo jina la mahali wanapotafuta uzima. Lakini siku moja tuliwauliza watoto wa mafundisho ya Kipaimara, Atiman huyo alikuwa nani. Mmoja alijibu ya kuwa alikuwa Mzungu mwenye mali aliyeijenga hospitali. Mwingine alijibu ya kuwa ni jina la dawa. Wengine walinyamaza. Hapo tukaona haya, kwa kuwa kosa halikuwa la watoto, bali letu sisi tunaowafundisha.

Kwa sababu hiyo tumeona vema, katika kitabu hiki cha Yubilei ya Jimbo letu, tuandike habari za maisha ya mtu huyu, ili wazazi wawasimulie watoto wao na walimu wawasomee wanafunzi wao. Atiman hakuwa Mzungu, wala hakuwa mwenye mali. Alikuwa Mwafrika, mtoto wa nchi ya mbali, aliyetekwa na kuuzwa kama mbuzi sokoni. Akakombolewa, akasomeshwa katika shule ya ugenini, kisha akaja kwetu kwa hiari yake, akakaa nasi miaka 67, hata akafa na kuzikwa kwetu. Yeye aliyechukuliwa kwa nguvu alijitoa kwa mapenzi yake. Na jambo hilo ndilo tunalotaka kulionyesha.

Mtoto wa mto Niger

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tindirma, kando ya mto mkubwa Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Nchi hiyo leo huitwa Mali, nayo iko magharibi ya Afrika. Mtu akitaka kwenda huko kutoka Ufipa hana budi kulikata bara zima la Afrika.

Alipokuwa angali mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani wapandao ngamia. Wakamtenga na mama yake na baba yake, wakamchukua kuelekea kaskazini, kuivuka Sahara. Kutoka Timbuktu mpaka Metlili, kusini ya nchi ya Algeria, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 za mchanga na mawe. Sisi wa Ufipa tumezoea mvua nyingi na vijito vitiririkavyo katika kila bonde. Ni vigumu kwetu kuifahamu njia kama hiyo, ambayo mtu huenda siku nyingi asione kisima. Mtoto Atiman aliipita akiwa bidhaa ya watu wengine. Huko Metlili ndiko alikouzwa.

Lakini msomaji wa Ufipa asidhani ya kuwa habari hizi ni ngeni kwetu. Katika miaka hiyohiyo majahazi yalikuwa yakivuka Ziwa Tanganyika yamejaa watu waliofungwa, wakitolewa upande wa Kongo na kupelekwa Ujiji, na Tabora, na Bagamoyo, mpaka Unguja. Wazee wetu walifahamu maana ya kuamka usiku kwa mlio wa bunduki na kuuona moshi wa kijiji cha jirani. Huko Niger na huku Tanganyika kilio kilikuwa kimoja.

Basi, katika mji wa Metlili walikuwako Wamisionari wa Afrika, ambao huku kwetu tumezoea kuwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mapadre hao walikuwa na hamu kubwa ya kuivuka Sahara na kufika Timbuktu. Mwanzoni mwa mwaka 1876 watatu wao walishika njia hiyo, wakauawa jangwani kabla ya kufika. Wala jaribio la pili, miaka michache baadaye, halikufaulu. Hao nao waliuawa.

Hapa na tuyatazame maongozi ya Mungu. Mapadre walitaka kwenda Timbuktu, nao hawakufika. Lakini mtoto wa upande wa Timbuktu alifikishwa kwao. Katika mwaka huohuo 1876 walimnunua Atiman kule Metlili. Walitoa fedha, lakini hawakujipatia mtumwa. Fedha ni ileile. Mkono mmoja huitumia kumfunga mtu, na mkono mwingine huitumia kumfungua. Wakampeleka Algiers pamoja na watoto wengine waliokombolewa, wakamlisha, wakamvika, wakamfundisha kusoma. Alipoyajua mafundisho ya dini akabatizwa, akapewa jina la Adrian.

Shule ya Malta

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lake. Alikuwa ameyaona makaburi ya wamisionari wake yakiongezeka katika Afrika kwa ajili ya homa na uchovu, akatambua ya kuwa Afrika haitageuka kuwa ya Kikristu kwa mikono ya wageni wa Ulaya peke yao. Walitakiwa Waafrika wenyewe. Tena alifahamu ya kuwa mahali pote, hata penye watu wasiopenda kusikia dini, tabibu hufunguliwa mlango. Mgonjwa hamwulizi kwanza anasali wapi. Humwuliza kama ana dawa. Kwa hiyo alikusudia kuwafundisha vijana wa Kiafrika utabibu, wawe waganga wa mwili na walimu wa dini pamoja. Hao ndio walioitwa matabibu-makatekista.

Kwa kazi hiyo alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Malta ni kisiwa kidogo katika bahari iliyo kati ya Italia na Afrika ya Kaskazini. Alikichagua kwa kuwa palikuwapo Chuo Kikuu chenye masomo ya utabibu. Tena lugha ya watu wa Malta ni jamaa ya Kiarabu, ambacho vijana hao walikuwa wamekisikia tangu utoto.

Walimu wetu wa dini watakikumbuka kisiwa hicho katika Matendo ya Mitume. Mtakatifu Paulo alivunjikiwa na jahazi huko Malta alipokuwa akipelekwa Roma akiwa mfungwa. Nyoka akamshika mkononi, asipate madhara. Kisha akawaponya wagonjwa wa kisiwa. Basi kisiwa kile kilichomwona mfungwa akiponya watu, baada ya miaka elfu moja na mia nane kikampokea mtumwa aliyekombolewa, akajifunza kuponya watu.

Kijana Atiman alikaa huko mpaka mwaka 1888. Alijifunza namna mwili wa mtu ulivyoumbwa, namna ya kupasua na kushona, namna ya kutengeneza dawa na kuzipima. Masomo hayo si mepesi hata kwa mtoto wa tabibu aliyezaliwa katika mji wenye vitabu. Sembuse kwa mtoto aliyetolewa Niger akiwa hajui herufi. Lakini alishika.

Kardinali aliweka sharti moja ambalo walimu wa siku hizi wangefaa kulifikiri. Hakutaka vijana hawa wageuke kuwa Wazungu. Wajifunze elimu ya Ulaya, lakini katika kula, na kuvaa, na kulala, wabaki watu wa Afrika, ili watakaporudi wasione kinyaa kukaa na ndugu zao. Maana elimu imtengayo mtu na watu wake ni kama taa iliyofungiwa sandukuni. Sharti hilo lilikuwa gumu, wala si vijana wote wa Malta waliodumu katika wito wao. Nyumba yenyewe haikuishi miaka mingi. Lakini mti hauhukumiwi kwa maua yaliyopukutika. Hutazamwa kwa tunda lililoiva, na Atiman alikuwa tunda hilo.

Safari ya kuja kwetu

Alipomaliza masomo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mtu kama yeye, mwenye kujua Kifaransa na utabibu, angaliweza kutafuta kazi katika miji ya Afrika ya Kaskazini na kuishi maisha ya raha. Tena hakuna ambaye angalimlaumu kama angaliomba arudi Niger kuwatafuta wazee wake. Lakini Kanisa lilihitaji matabibu katika nchi za maziwa makuu, naye akakubali kutumwa. Hakuijua nchi hiyo, hakuijua lugha yake, wala hakuwa na ndugu hata mmoja ndani yake.

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa mambo makubwa. Papa Leo XIII aliandika barua kwa maaskofu wa Brazil kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akiwahimiza watu wa Ulaya waikomeshe biashara ya watumwa. Na huku Lavigerie akihubiri Ulaya, Atiman, ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa ushahidi wa maneno hayo, alikuwa akisafiri kuja Afrika ya Mashariki. Mwaka ule pwani yetu iliwaka moto kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Msafara wa kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika ulikuwa wa miezi, kwa miguu, katika njia ileile waliyoshushwa watumwa wakiwa wamefungwa minyororo. Yeye aliipanda akiwa mtu huru. Utotoni aliivuka Sahara kwa amri ya waliomteka, na sasa alizivuka nyika za Tanganyika kwa mapenzi yake. Mwanzoni mwa mwaka 1889 akafika Karema.

Karema alipofika Atiman

Karema iko katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Ufipa. Leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi, na tangu mwaka 2000 imo katika Jimbo la Mpanda. Lakini ndiyo mama yetu sote, kwa kuwa Jimbo letu la Sumbawanga lilikuwa likiitwa Jimbo la Karema mpaka mwaka 1969. Hapo palikuwa na boma lililojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Mwaka 1885 boma hilo likaachiwa Mapadre Weupe, wakaligeuza kuwa misioni.

Wakati ule misioni ilikuwa kimbilio. Walikusanyika hapo Wabende wenye nchi, na Wafipa, na watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, na watoto waliokombolewa ambao hata jina la kijiji chao walikuwa wamelisahau. Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alifika huko mwaka 1886 kwa kujitolea pasipo mshahara, awalinde watu wasitekwe. Mwaka uliofuata alihamia upande wa pili wa ziwa, akaendelea na ulinzi wake huko mpaka utumwa ulipokwisha, akafa mwaka 1927 bila kurudi kwao.

Tena Karema ilikuwa mahali pa kufa. Askofu Charbonnier alikufa mwaka 1888, muda mfupi kabla ya Atiman kufika. Askofu Bridoux aliyemfuata alikufa mwaka 1890. Mapadre vijana walizikwa wakiwa hawajamaliza kujifunza lugha. Basi Atiman hakuitwa kwenye kazi yenye usalama. Alikuja mahali ambapo tabibu mwenyewe hakuwa na ahadi ya kuuona mwaka ujao.

Kazi yake

Kazi aliyoikuta haikuwa na mpaka. Palikuwa na homa, na kuhara damu, na vidonda ndugu visivyopona, na macho yaliyopofuka, na watu walioumwa na nyoka, na wanawake walioshindwa kujifungua. Ndui ilikuwa ikipita vijijini kama moto wa mbuga. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale ulifika katika mwambao wa ziwa. Watu wengi wakafa, na vijiji vikahamishwa. Katika nchi kubwa namna ile hapakuwa na hospitali. Palikuwa na Atiman na sanduku lake la dawa na vyombo vichache vya kupasulia.

Dawa za Ulaya zilifika mara moja baada ya muda mrefu, tena chache. Hapo ndipo tuonapo hekima ya mtu huyu. Hakusema ya kuwa yeye amesoma Malta na kwa hiyo hana la kujifunza kwa wazee wa kijijini. Alijifunza mizizi na majani ya nchi, akazijaribu, akaziacha zisizofaa na kuzitumia zilizofaa, pamoja na zile za Ulaya. Uchawi aliukataa, dawa hakuikataa. Wako watu wasiojua kuyatenga mambo hayo mawili, ambao hukumbatia yote au hutupa yote. Yeye aliyatenga, kwa kuwa aliwasikiliza watu kwanza kabla ya kuwahukumu. Wagonjwa wakamwendea kutoka mbali, na mapadre na masista wenyewe wakawa chini ya mikono yake walipougua. Jambo hili si dogo. Katika miaka ile ambayo wakubwa wengi walidhani ya kuwa Mwafrika hawezi kuwa tabibu, Wazungu wa Karema waliyaweka maisha yao mikononi mwa Mwafrika aliyeuzwa utotoni.

Lakini tusisahau ya kuwa alikuwa katekista. Wasomaji wajua ya kuwa Kardinali Lavigerie aliweka sheria ya mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo: miaka miwili ya kuomba, na miaka miwili ya ukatekumeni. Sheria hiyo ilikuwa njema, maana iliwapa watu muda wa kushika imani kwa mizizi. Lakini kifo hakingoji miaka minne. Padre alikuwa mmoja, safari zilikuwa nyingi. Aliyekuwapo kandokando ya kitanda saa ya mwisho alikuwa tabibu. Ndipo Atiman alipokuwa akimfundisha mgonjwa kwa maneno machache yale yampasayo kuyaamini, na kumbatiza katika hatari ya kufa. Hivyo palepale alipoishiwa na dawa, kazi yake haikuishiwa.

Atiman alifanya kazi hiyo chini ya utawala wa Wajerumani mpaka vita ya kwanza ya dunia, kisha chini ya Waingereza. Maaskofu walikuja na kupita. Askofu Lechaptois, aliyeongoza tangu 1891 mpaka alipofariki mwaka 1917, akaeneza misioni katika Ufipa na kuanzisha shirika la masista Waafrika, alimkuta Atiman Karema na akamwacha Karema. Akaja Askofu Birraux, akaja Askofu van Sambeek, akaja Askofu Holmes-Siedle. Wote walimkuta pale. Bendera zilibadilika, mfalme alibadilika, fedha ilibadilika, lakini mgonjwa aliyepiga hodi usiku Karema aliitikiwa na sauti ileile.

Nyumba yake

Atiman hakuwa padre wala mtawa. Baada ya kufika alimwoa Agnes Wansahira, wa kabila la Wabende. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Mgeni aweza kuifanyia nchi kazi njema miaka mingi na bado moyo wake ukawa kwao, masanduku yake yakawa yamefungwa tayari. Lakini mtu akioa katika nchi, akawa na wakwe na mashemeji, akalima shamba na kulia katika misiba ya watu, huyo amezifungua kamba za sanduku lake. Mtoto aliyenyang'anywa ukoo wake katika Niger alipewa ukoo mpya kandokando ya Tanganyika.

Mwana wao aliitwa Joseph. Huyo aliisikia sauti ya Mungu, akaingia seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja takatifu ya upadre. Wasomaji na waifikiri siku ile. Baba alikuwa ameuzwa sokoni. Mwana akasimama altareni. Tena ni nani asiyelikumbuka jina hilo katika Agano la Kale? Yusufu aliuzwa kwa wafanya biashara wa jangwani, akapelekwa Misri, na mwisho akawalisha watu katika njaa. Sisi hatujui kama baba alikuwa akiifikiri habari hiyo alipompa mwanawe jina. Lakini Mungu aliyeyaongoza maisha ya Yusufu ndiye aliyeyaongoza maisha ya Atiman.

Uzee wake na kufa kwake

Alipokuwa mzee, sifa zake zilifika mbali. Baba Mtakatifu alimpa nishani, na wakubwa wa dunia nao wakamtunukia nishani. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la wataalamu wa nchi, Tanganyika Notes and Records, hata watu wa mbali wakazisoma. Hayo yote ni mema; lakini nishani haziponyi vidonda, na ingawa uzee ulimlemea hakuiacha Karema.

Akafa huko mwaka 1956, umri wake ukiwa yapata miaka tisini, akazikwa katika udongo wa Karema. Alikuwa amefika wakati Tanganyika haijatulia mikononi mwa Wajerumani, akafa ikiwa imebaki miaka mitano tu nchi ipate uhuru wake. Wako wazee ambao walizaliwa, wakakua, wakaoa, wakazeeka na kufa, na katika maisha yao yote hawakuijua Karema isiyo na Atiman.

Mafundisho tunayoyapata

Ndugu zetu walimu, na ninyi makatekista wenzetu, habari hizi hazikuandikwa ili tumsifu marehemu tu. Marehemu hahitaji sifa zetu. Ni sisi tunaohitaji mfano wake.

Siku hizi wageni wengi huja kutoka Ulaya na Marekani kujitolea katika shule zetu na hospitali zetu. Wengine hukaa miezi mitatu, wengine mwaka. Twawashukuru kwa moyo, maana hakuna aliyewalazimisha, na mtoto aliyefundishwa hesabu hazisahau kwa sababu mwalimu wake amepanda ndege. Lakini tukitaka kuujua ukamilifu wa kujitolea, tumtazame Atiman. Kwanza alijifunza vizuri, ili asije mikono mitupu. Pili alijifunza kwa watu aliowaendea. Tatu alikaa.

Neno hilo la tatu ndilo lituumizalo sisi wenyewe. Kwa maana si lazima mtu avuke bahari ili awe mgeni wa kujitolea. Mwalimu wa Kizwite akipewa kazi katika kijiji cha Bonde la Rukwa, au cha mwambao, hudhani amepelekwa ugenini. Huhesabu siku. Huomba ahamishwe kabla hajayajua majina ya wanafunzi. Katekista akitumwa kigangoni ambako watu husema lugha nyingine na hula chakula kingine, husingizia ugonjwa wa shangazi. Hatusemi haya kwa kumnyoshea mtu kidole. Twajisema wenyewe, kwani nasi tumewahi kuiandika barua ya kuomba kurudi nyumbani. Kutoka Kizwite mpaka ziwani ni mwendo wa siku moja kwa gari. Kutoka Tindirma mpaka Karema ni mwendo ambao Atiman hakuurudia tena akaishi kwao.

Tena wako vijana wetu wasemao ya kuwa hawana la kutoa, kwa kuwa walianza maisha vibaya: ni yatima, au walikosa karo, au walidharauliwa. Hao na wasomewe habari hizi kwa sauti kubwa. Nani alianza vibaya kuliko mtoto aliyenyang'anywa hata mama? Mateso yangaliweza kumfanya mtu mchungu, mwenye kuwalipiza watu wote ubaya aliotendewa na wachache. Yeye aliyageuza kuwa huruma. Kila jeraha aliloliosha Karema, aliliosha kwa mikono ambayo hapo kale ilipigiwa bei.

Sisi Wafipa tu wakulima, nasi twaijua siri ya ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha twayakata majani, twayafukia ndani ya matuta ya udongo. Mpita njia huona vilima vidogo tu, asijue kilichomo. Majani huoza gizani, hayaonekani tena. Lakini msimu mwingine tunapoyatawanya matuta na kupanda ulezi, shamba huota kwa nguvu ya majani yale yaliyofukiwa. Ndivyo alivyo Atiman katika ardhi yetu. Alitolewa mbali, akafukiwa Karema, na watoto wetu hawakulijua hata jina lake. Lakini mapadre, na masista, na waganga, na waalimu wa leo wameota juu ya udongo wake.

Basi, msomaji, utakapopita tena mbele ya hospitali ile, nawe ukawa na mtoto mkononi, simama kidogo umwambie jina lile ni la nani. Kisha mwombeeni pamoja raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie. Na tumwombe Mungu atujalie sisi, ambao hatukuuzwa wala kufungwa na mtu, tujue kujitoa kama alivyojitoa mtu huru Adrian Atiman.